Deni la Maombolezo: Mwalimu wa Kajiado Mbele ya Ushairi wa Allen Ginsberg

Utangulizi

Mgogoro kati ya wanajadi na wanausasa katika ushairi wa Kiswahili umekwisha kuandikiwa mengi, na hoja za pande zote mbili zinajulikana vyema. Upande mmoja umesimama juu ya msingi uliowekwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi, kwamba vina na mizani ndizo nguzo za shairi. Upande wa pili ulipata sauti yake Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, kisha ukapata utetezi wa kinadharia katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1979. Aghalabu mjadala huu umeongozwa na swali moja: shairi ni nini? Swali jingine, ambalo kwa mtunzi lina uzito zaidi, limeulizwa kwa nadra: mtu aliye na jambo la kusema juu ya mtu fulani huongozwa na nini anapochagua umbo la kulisemea?

Makala haya yanalifuatia swali hilo kwa kutazama jinsi msomaji mmoja, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Kajiado, alivyokutana kwa mara ya kwanza na kazi za Allen Ginsberg, mshairi wa Marekani wa kundi lililojulikana kwa jina la Beat. Hoja itakayotetewa ni kwamba umbo la shairi, hasa shairi la maombolezo, haliamuliwi na kambi ambayo mtunzi amejiunga nayo. Huamuliwa na aina ya deni alilo nalo kwa anayeombolezwa.

Msomaji na Mazingira Yake

Mwalimu huyu alipanga chumba Kitengela na kufundisha Kajiado, mwendo wa takriban kilomita 50 kwa matatu kwenye barabara iendayo Namanga. Mnamo mwaka 1998, wakati wa masimulizi haya, Kitengela ilikuwa inabadilika mbele ya macho ya wakazi wake. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa imegawanywa mwaka 1988 na kila mwanachama kupewa hatimiliki yake. Miaka miwili baadaye eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje lilianzishwa jirani, Athi River, na wafanyakazi wake wakahitaji mahali pa kulala. Mashamba yaliuzwa kwa ekari, kisha kwa vipande vya ekari. Nyua za waya zilisimama pale ambapo nyumbu walikuwa wakipita kila mwaka kutoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za kusini. Abiria aliyesafiri asubuhi kutoka Kitengela kupitia Isinya aliweza kuhesabu juma baada ya juma vigingi vipya vilivyochomekwa ardhini.

Mwalimu huyu ni Mmaasai. Mamake alifariki mwaka 1995, baada ya kuugua ugonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka kumi. Ugonjwa huo haukuwa na jina nyumbani. Ilisemwa tu kwamba mama hayuko vizuri, au kwamba amechoka. Dalili yake iliyojulikana zaidi na majirani ni kwamba alikuwa akitoka nje ya boma jioni na kuita ng'ombe kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, ilhali ng'ombe hao walikuwa wamekwisha kuuzwa. Watoto walitumwa kumrudisha ndani. Baadhi ya wapita njia walicheka.

Msomaji asiyetoka katika jamii hii anapaswa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, miongoni mwa Wamaasai mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, mama wa fulani, hata jina lake mwenyewe likawa halisikiki sana angali hai. Pili, kwa mila, jina la marehemu halitamkwi. Kwa hiyo mama huyu alikuwa amefichwa mara tatu: kwa desturi ya heshima aliyokuwa akipewa akiwa hai, kwa ugonjwa usiotajwa, na kwa kifo chenyewe.

Mwalimu alikuwa tayari amejaribu kumwombolezea. Mwaka mmoja baada ya mazishi alitunga tarbia ya beti kumi na mbili, mizani 16 katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimetimia. Kwa vigezo vyote vya darasani lilikuwa shairi lisilo na dosari. Lilimtaja mama kuwa nguzo, taa, kivuli cha mti na chemchemi isiyokauka. Aliposomea ndugu zake, kakake mkubwa alilisifu, kisha akasema kwamba ni shairi zuri la mama, ila si la yeyo. Neno hilo la Kimaasai, ambalo mtoto humwitia mamake, lilitenganisha mama wa ushairi na mama aliyewalea. Mwalimu aliliweka shairi kabatini, akabaki na tatizo ambalo hakuwa na istilahi ya kulieleza.

Mshororo na Pumzi

Kitabu cha kwanza cha Ginsberg alichokutana nacho kilikuwa nakala kuukuu ya Howl and Other Poems, aliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza bidhaa zake kando ya barabara jijini Nairobi. Kilikuwa kijitabu cha kutia mfukoni, kama vilivyo vyote katika mfululizo huo wa City Lights, shirika la Lawrence Ferlinghetti lililoko San Francisco. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1956. Mwaka uliofuata Ferlinghetti alishtakiwa kwa kuuza maandishi machafu, na mnamo Oktoba 1957 Jaji Clayton Horn akaamua kwamba kitabu kina thamani kwa jamii na si kichafu kisheria. Mwandishi wake, aliyezaliwa Newark mwaka 1926, alikuwa amefariki New York mwezi Aprili 1997, mwaka mmoja tu kabla ya mwalimu kukinunua kitabu hicho. Wala Afrika Mashariki haikuwa ngeni kabisa kwake. Mapema mwaka 1962, akiwa safarini kwenda India, alipita Kenya na kupanda meli ya Bombay kutoka Mombasa.

Jina Howl lina maana ya mlio mrefu, kama ule wa mbwa au fisi usiku. Mwalimu alilisoma shairi hilo katika matatu, na kwanza halikumpendeza. Lugha yake ilikuwa na matusi, watu wake walikuwa walevi, watumiaji wa dawa za kulevya na wagonjwa waliofungiwa hospitalini, na mishororo yake ilikuwa mirefu kiasi cha kutotosha upana wa ukurasa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo sikio lake lilikataa kulipuuza. Sehemu ya kwanza ya shairi ni sentensi moja ndefu mno inayoshikiliwa na takriri: karibu kila mshororo huanza kwa kirejeshi kile kile, kinachorejelea watu wale wale waliotajwa mwanzoni. Alipojaribu kufasiri mishororo michache kimoyomoyo, aligundua kwamba Kiswahili kinalifanya jambo hilo kwa njia yake. Kirejeshi hakisimami peke yake mwanzoni mwa mshororo, bali huingia ndani ya kitenzi. Walio- hiyo inaporudiwa mshororo baada ya mshororo, upatanisho wa kisarufi wenyewe huzaa mlio unaofanana na kina cha mwanzo. Muziki ambao mshairi wa Kiingereza aliutafuta kwa kulirudia neno zima umo tayari katika mofolojia ya Kiswahili, na hausubiri sheria yoyote ya arudhi ili usikike.

Ginsberg mwenyewe alieleza kwamba kipimo cha mshororo wake ni pumzi: kila mshororo, kwa kadiri iwezekanavyo, usomwe kwa pumzi moja. Alitaja deni lake kwa Walt Whitman, kwa manabii wa Agano la Kale na kwa wapiga saksafoni wa jazi. Kwa mwalimu huyu kipimo cha pumzi hakikuwa nadharia ngeni. Katika nyimbo za Wamaasai, kiongozi anayeitwa olaranyani hutoa maneno, nao waitikiaji hushika mdundo kwa sauti za kooni, wakivuta na kutoa pumzi kwa pamoja. Hapana ngoma inayopigwa. Pumzi ndiyo ngoma. Urefu wa kauli ya olaranyani hautokani na hesabu ya silabi, lakini hakuna msikilizaji anayeweza kudai kwamba wimbo huo hauna kipimo, kwa kuwa kiongozi akikosea pumzi waitikiaji humwacha. Naomi Kipury alipotoa mkusanyiko wake wa fasihi simulizi ya Wamaasai mwaka 1983, nyimbo zilipata nafasi yao pamoja na ngano, methali na vitendawili. Hata hivyo, katika silabasi ya shule nyimbo kama hizo hufunzwa chini ya fasihi simulizi, na ushairi hufunzwa chini ya kichwa kingine. Mgawanyo huo ndio uliokuwa umemzuia mwalimu asiyaweke mambo haya mawili mezani pamoja.

Sehemu ya pili ya Howl inamtaja Moleki, mungu anayekemewa katika Biblia ambaye wazazi walimtolea watoto wao kafara. Ginsberg anamfanya Moleki kuwa ishara ya mji wa mawe, fedha na mashine unaowala vijana wake. Msomaji wa Kitengela hakuhitaji tanbihi. Vumbi la saruji, machimbo ya mawe na vigingi vya mashamba vilikuwa nje ya dirisha la matatu. Isitoshe, mamake alianza kuwaita ng'ombe katika miaka ile ile ambayo mifugo iliuzwa na ardhi ikakatwa. Hapa uhakiki unapaswa kuwa na tahadhari. Haitakuwa haki kudai kwamba mgawanyo wa ardhi ndio uliomtia mama ugonjwa. Mwalimu mwenyewe hakudai hivyo. Alichokipata ni ruhusa ya kifasihi ya kuyataja mambo hayo mawili katika shairi moja, bila kulazimika kulifanya moja kuwa sababu ya jingine.

Wasia Uliochelewa

Kama angeishia hapo, Ginsberg angebaki kwake mshairi wa mijini mwenye mbinu za kuvutia. Lakini katika likizo ya Agosti alisoma, katika maktaba ya chuo kikuu, shairi jingine la mshairi huyo, Kaddish, lililochapishwa mwaka 1961. Ni shairi refu la kumwombolezea mamake, Naomi.

Habari za Naomi zinajulikana. Aliugua akili kwa miaka mingi, akaingia na kutoka hospitalini. Mwaka 1947 mwanawe, akiwa kijana wa miaka 21, alitia sahihi hati ya kuruhusu mamake afanyiwe upasuaji wa ubongo. Naomi alifariki hospitalini mwaka 1956, mwanawe akiwa mbali, California. Sala ya Kiyahudi iitwayo Kaddish, ambayo mtoto humsomea mzazi aliyefariki, haiwezi kusomwa mpaka wakutane wanaume kumi. Mazishini hawakutimia kumi, na sala haikusomwa. Shairi, basi, lilitungwa kuziba pengo la ibada isiyofanyika. Ndani yake Naomi anatajwa kwa jina lake. Hofu zake za kufuatwa, mwili wake ulioharibika, safari ya basi aliyofanya naye mwanawe akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, yote yamewekwa wazi. Mwishoni milio ya kunguru juu ya makaburi inapokezana na mwito wa jina la Bwana, hata msomaji akashindwa kuvitenganisha.

Jambo lililomshtua zaidi mwalimu ni barua. Siku chache baada ya kupata habari za kifo, Ginsberg alipokea barua ambayo mamake aliiandika kabla ya kufariki, akimshauri, pamoja na mengine, aoe na ajiepushe na dawa za kulevya. Msomaji aliyelelewa na fasihi ya Kiswahili hawezi kukutana na barua ya namna hiyo asikumbuke Utendi wa Mwana Kupona. Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia bintiye Mwana Hashima wasia wa beti mia moja hivi, akimfundisha dini, adabu na maisha ya ndoa. Mama yule alikuwa na akili timamu, na elimu na sanaa ya kuukamilisha wasia wake mwenyewe. Bintiye alikuwa na kazi ya kupokea na kuhifadhi. Naomi naye alikuwa na wasia, lakini ulifika vipande vipande, umechanganyika na maono ya ugonjwa, na mwana ndiye aliyelazimika kuutungia umbo. Kwa mtazamo huu Kaddish ni utendi uliogeuzwa: badala ya mama kumwusia mtoto, mtoto anaukusanya wasia ambao mama hakuweza kuutamka kwa ukamilifu.

Swali ambalo mwalimu alitoka nalo maktabani halikuhusu tena vina. Je, kile alichokitamka mamake jioni, nje ya boma, hakikuwa wasia?

Umbo na Anayeombolezwa

Pingamizi kubwa dhidi ya Kaddish, kwa msomaji wa Afrika Mashariki, si la kiarudhi bali la kimaadili. Ginsberg anaweka hadharani mambo ya mwili wa mamake ambayo katika jamii nyingi mtoto hayatazami, sembuse kuyaandika. Mwalimu huyu aliliona pingamizi hilo kuwa la haki, na hakuna haja ya kumtetea mshairi kwa kusema kwamba utamaduni wake ni tofauti. Hata kwa wasomaji wa Marekani baadhi ya kurasa hizo ni nzito kuzibeba. Heshima kwa marehemu si woga wa wanajadi. Ni sehemu ya maana ya maombolezo.

Lakini pingamizi hilo lina upande wa pili. Shairi linalomsitiri marehemu kikamilifu laweza kumfuta. Tarbia ya kwanza ya mwalimu ilikuwa imemsitiri mama kwa nguzo, taa na chemchemi mpaka hakubaki chochote chake. Wala lawama si ya tarbia. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa vina na mizani, na msomaji hakosi kumwona Amina. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, na arudhi kali ya pwani haikumzuia kusema lililomfunga. Katika tungo hizo umbo la mapokeo linafanya kazi kwa sababu mtunzi anazungumza na mtu, au juu ya hali, inayoweza kusimama ndani ya mpangilio huo. Amina alikuwa mwenzi, na utulivu wa beti ni utulivu wa nyumba waliyoijenga pamoja.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwa Ginsberg mwenyewe. Babake, Louis, alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari na mshairi wa vina, mtu ambaye wanajadi wa Kiswahili wangemwelewa mara moja. Mwanawe alianza kwa kutunga kama yeye, na tungo hizo za ujanani zilichapishwa baadaye. Louis alipofariki mwaka 1976, Ginsberg hakumtungia Kaddish ya pili. Alimtungia wimbo wa beti fupi zenye vina, Father Death Blues, na kwa miaka iliyofuata aliuimba akijipigia kinanda cha mkono. Mama aliyevurugikiwa na akili aliombolezwa kwa mishororo inayofurika. Baba aliyeishi kwa vina alirudishiwa vina vyake. Mshairi ni yule yule, na hakuwa amehama kambi. Kilichobadilika ni mtu wa kuombolezwa, na deni alilomwachia.

Hapo ndipo mwalimu alipoweza kutunga tena. Shairi lake la pili, alilolimaliza mwanzoni mwa mwaka 1999, halina vina vya kati wala vya mwisho, na urefu wa mishororo yake unafuata pumzi ya mtu anayeita kwa mbali na kungoja jibu. Halimtaji mama kwa jina. Katika hilo mwalimu aliachana na Ginsberg kwa makusudi, akabaki na mila ya watu wake. Badala yake shairi linataja majina ya ng'ombe, wote ambao yeye na nduguze waliweza kuwakumbuka, kwa mpangilio ule ule ambao mama aliwaita: wenye madoa, wekundu, yule wa mahari, yule aliyeuzwa kulipa karo ya shule. Mnyama huyo wa mwisho ndiye aliyemwezesha binti kuwa mwalimu, na jina lake linarudi mara tatu. Orodha hiyo, iliyokuwa dalili ya ugonjwa na kichekesho kwa wapita njia, inasimama katika shairi kama hesabu kamili ya mali ya nyumba, iliyowekwa na mtu pekee aliyekataa kuisahau. Shairi lilisomwa mara moja tu, nyumbani, mbele ya ndugu. Mwalimu alipolifikia jina la tatu, kakake mkubwa alianza kuitikia.

Hitimisho

Ipo hatari ya kuusoma mkutano huu kama kisa cha mshairi wa Magharibi aliyemkomboa msomaji wa Kiafrika kutoka minyororo ya mapokeo. Usomaji huo hautakuwa sahihi. Pumzi ya olaranyani ilikuwepo Kajiado kabla ya Howl, na mofolojia ya Kiswahili ilikuwa na takriri zake kabla ya Whitman. Alichokitoa Ginsberg ni mfano wa mtunzi aliyeuliza ni umbo gani mamake anamdai, akalipa kwa sarafu iliyokuwa sahihi, kisha miaka ishirini baada ya kifo cha mama akamlipa babake kwa sarafu nyingine.

Kwa wahakiki wa ushairi wa Kiswahili funzo lililopo ni la kimbinu. Badala ya kuuliza tu iwapo utungo umetimiza au umevunja arudhi, yafaa kuuliza ni nani anayesemewa, alikuwa akisemaje yeye mwenyewe, na iwapo umbo lililochaguliwa linaacha sauti yake isikike. Kwa kipimo hicho tarbia ya Shaaban Robert na mishororo ya Kezilahabi zaweza kusomwa pamoja bila ya moja kuwa shtaka dhidi ya nyingine. Kwa kipimo hicho pia, mwalimu wa Kajiado ameendelea kufundisha vina na mizani kama alivyofundisha awali, kwa ukali ule ule, kwa maana anayetaka kulipa deni sharti kwanza azijue sarafu zote zilizopo.